Nimemfungulia baba kitabu, sasa hataki kukisikia

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, naishi Kisauni, Mombasa, pamoja na baba yangu. Baba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, amefundisha Kilifi na Malindi zaidi ya miaka 30. Presha ya macho ilimla polepole bila sisi kujua, na sasa ni mwaka wa tatu haoni hata dirisha liko upande gani.

Fimbo ameizoea. Kupakuliwa chakula amekuzoea. Asichokizoea ni kukosa kusoma. Mwanzoni nilikuwa nikimsomea mimi baada ya Isha, lakini kazi yangu ni ya bandarini, nikifika nyumbani mwili umekwisha. Nilikuwa nikisinzia katikati ya sentensi. Baba haniamshi. Hukaa kimya mpaka nizinduke mwenyewe, kisha hunikumbusha tulipofika.

Mwaka jana nikamnunulia simu nzuri, akafundishwa kutumia TalkBack, ile sauti inayosoma kilichoko kwenye kioo cha simu. Akajua kupiga simu mwenyewe, kusikiliza magazeti, hata kuwajibu wanafunzi wake wa zamani. Ndipo nikaingia duka moja la vitabu la mtandaoni, nikamnunulia riwaya mpya ya mwandishi wa hapa hapa Kenya ambaye baba anamsoma tangu ujana wake, na vitabu viwili vya historia ya pwani. Vyote nimelipia, na risiti ninazo.

Tukaketi barazani tukafungua riwaya. Simu ikasema: "Kitufe. Kitufe. Ukurasa unaofuata. Kitufe." Basi. Katika maneno ya kitabu chenyewe halikutoka hata moja. Nikawaandikia wenye duka, nikajibiwa na mashine kwamba mwenye haki hakuruhusu kitabu hicho kisomwe kwa sauti.

Binamu yangu ana saiba mjini. Akanionyesha programu ya kuondoa kufuli. Haikufika robo saa, kitabu kikawa maandishi matupu na simu ikakisoma chote. Siku nne baba hakutaka kuzungumzishwa. Alikuwa akicheka peke yake barazani, na usiku nilimsikia akizirudia sentensi zilizompendeza. Aliponiuliza imekuwaje leo kinasomeka, nilimwambia wenye duka wamekirekebisha.

Wiki iliyopita binamu akaropoka mbele yake. Baba akaninyooshea simu, akasema, "Kifute." Hajaigusa tangu siku hiyo, hata habari hasikilizi.

Sababu yake naijua. Miaka ya tisini baba aliandika kijitabu cha insha na methali kwa wanafunzi wa shule za msingi. Mrabaha wa kwanza ulitosha kuezeka jiko kwa mabati. Wa tatu ulitosha sukari kilo mbili. Kijitabu hakikuwa kimekosa wasomaji, kwa maana kilikuwa kila darasa. Ila maduka ya fotokopi yalikuwa yakikitoa chote, yanakitia springi na kukiuza nusu ya bei. Kuna mwanafunzi aliwahi kumletea nakala ya fotokopi amtilie saini, bila kujua anafanya nini. Baba alitia. Lakini jioni ile hakula.

Sasa ananiambia, "Nilipoibiwa sikuwa mwizi. Sitakuwa mwizi leo kwa sababu sioni."

Shangazi, nimeiba? Wazee watatu anaoswali nao, wawili wao hawaoni pia, walikwisha kusikia habari za riwaya hiyo na wanataka niwarushie kwa WhatsApp. Binamu naye anataka faili lile aliweke kwenye flash, awauzie wanafunzi wa chuo kwa shilingi 50. Nifute, nisifute? Nimwambie nini baba?

Binti wa Mwalimu,
Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nimekwama pale baba anapokaa kimya akingoja uzinduke. Mtu aliyelelewa na baba wa namna hiyo haandiki barua kutafuta ruhusa ya kuiba. Kwa hiyo nitasema nawe wazi.

Nianze na binamu, kwa kuwa lake ni fupi. Usimpe. Mwandishi yu hai, kitabu ni kipya, na katika hizo shilingi 50 hakuna hata senti itakayomfikia. Hilo ni duka lile lile la fotokopi lililomla baba yako, ila springi imegeuka flash. Akikwambia wanafunzi hawana pesa, ni kweli wengi hawana. Basi waiendee maktaba ya chuo chao, waitake inunue nakala za kuazimisha. Saiba haiwezi kuwafanyia wema kwa mali ya mtu mwingine.

Sasa tuje kwa baba. Kwanza jua kwamba katika haki ya mwandishi amesimama mahali pagumu kupatikisa. Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait na kuamua kwamba haki za utunzi ni mali inayotambuliwa na sharia, na haifai kuzivamia. Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 40, inaitaka serikali izilinde haki hizo hizo. Usimwendee baba na hoja kwamba hakimiliki ni mambo ya wageni au ya matajiri. Mtu aliyeezeka jiko kwa kalamu hatakusikiliza, na atakuwa na haki ya kutokusikiliza.

Ninapotofautiana naye ni hapa tu: anadhani kufuli ile ni ya mwandishi.

Mwandishi anadai nini kwa msomaji? Jina lake lisifutwe, kazi yake isiuzwe wala kusambazwa bila idhini yake, alipwe fungu lake. Katika riwaya hii jina lipo, hujampa mtu mwingine faili, na risiti unayo. Madai yake kwako yamekwisha. Kufuli ni jambo jingine. Duka huyageuza maandishi ya kitabu kuwa fumbo lisilosomeka, na ufunguo wa kulifumbua hukaa ndani ya programu ya duka. Programu hiyo ndiyo inayoamua kitabu kifunguke katika simu ngapi, kama unaweza kunakili mstari mmoja kumtumia rafiki, na kama TalkBack itapewa maneno au itapewa majina ya vitufe peke yake. TalkBack husoma inachopewa. Usiku ule barazani ilinyimwa. Mwenye macho, kwa pesa zile zile, angeanza sura ya kwanza papo hapo.

Nikueleze mzozo huu ulikoanzia, maana nadhani baba atapenda kuujua. Februari 2009 kampuni ya Amazon ilitoa toleo la pili la Kindle, chombo chake cha kusomea vitabu vya kielektroniki, lililoweza kusoma vitabu kwa sauti ya mashine. Chama cha waandishi cha Marekani, Authors Guild, kikalalamika kwamba kusoma kwa sauti ni haki ya peke yake, iuzwe peke yake. Kabla mwezi haujaisha Amazon ikakubali kila mwenye haki aamue mwenyewe, kitabu kwa kitabu, kisomwe au kinyamazishwe. Aprili mwaka huo wasioona na wenzao wakaandamana New York mbele ya ofisi za chama hicho. Ule mlango uliokufungia wewe Kisauni ni wa ukoo mmoja na ule.

Waandishi wale siwatukani. Kitabu kilichosomwa studioni na msomaji hodari ni pato lao la pili, na wengi hawana la tatu. Lakini sauti ya mashine inayomsomea mzee kitabu alichokwisha kulipiwa haishindani na msomaji hodari. Ni macho ya kuazima. Hakuna mwandishi aliyewahi kudai ada kwako kwa zile usiku ulizokuwa ukimsomea baba baada ya Isha.

Na kama baba bado anaamini kwamba ufunguo yu nao mwandishi, msimulie mambo mawili. Julai 2009 wasomaji waliokuwa wamenunua vitabu viwili vya George Orwell kwa ajili ya Kindle waliamka wakakuta vimetoweka kwenye vyombo vyao. Amazon ilikuwa imegundua kwamba aliyewauzia hakuwa na haki ya kuviuza, ikavifuta kutoka mbali na kuwarudishia pesa. Mwanafunzi mmoja alipoteza na maelezo aliyokuwa akiyaandika humo kwa ajili ya masomo. Sababu ya kuvifuta ilikuwa na uzito wake, na mkuu wa kampuni aliomba radhi kwa namna ilivyofanywa. Lakini fikiria muuza vitabu aingie chumbani kwako usiku, achukue kitabu kwenye rafu, aache noti mezani. La pili ni la 2019: Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na ilipofika Julai vitabu vyote watu walivyovinunua humo vikaacha kufunguka. Pesa walirudishiwa. Waandishi wa vitabu hivyo hawakuwa wamekasirika na mtu, wala hawakuamuru chochote. Ufunguo ulikuwa dukani, duka likafunga.

Kinachoniuma zaidi katika kufuli hizi ni kwamba hazimzuii mwizi. Binamu yako aliiondoa kabla chai haijapoa. Faili lililofunguliwa likishaingia mjini halina tena habari na kufuli. Anayebaki amefungiwa ni yule aliyelipa na asiyetaka kuvunja, yaani baba yako.

Sasa sheria. Mimi si wakili, lakini hili nimelifuatilia miaka mingi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakataza kuvunja kinga za kiteknolojia, na usimruhusu mtu akudanganye kwamba haipo. Lakini haiko peke yake. Tarehe 27 Juni 2013, mjini Marrakesh, Morocco, nchi zilikubaliana mkataba kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Stevie Wonder, ambaye mwenyewe haoni, alikuwa ameahidi kwenda kuwaimbia wajumbe wakikubaliana; wakakubaliana, akaenda. Kenya ilijiunga na mkataba huo 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Mwaka 2019 Bunge letu likairekebisha sheria ya hakimiliki ili iendane nao.

Mkataba huo una maneno ambayo ningependa umsomee baba polepole. Unasema asiyeona aliyekipata kitabu kwa njia ya halali, au mtu anayefanya kwa niaba yake, pamoja na yule anayemtunza, aweze kutengeneza nakala anayoweza kuisoma kwa matumizi yake mwenyewe. Anayemtunza ni wewe. Kisha ibara ya 7 inazitaka nchi zihakikishe kwamba sheria zinazolinda kufuli za kidijitali haziwi kizuizi kwa watu hao. Na Katiba yetu, ibara ya 2, inasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo za kumwondolea vikwazo vyake. Hata Marekani, ambako sheria ya 1998 ni kali sana kwa wavunja kufuli, tangu 2003 wameweka msamaha kwa vitabu vya kielektroniki vinavyozuia kusomwa kwa sauti. Sikuahidi kwamba hakuna mwanasheria wa kubishana nawe. Nasema watu wazima, wakiwemo waandishi na wachapishaji, walikaa wakalitazama jambo lako hasa na hawakuliita wizi.

Kwa hiyo nami siliiti wizi.

Lakini kuna ulilokosa, nalo hukuniuliza. Ulimfungulia baba kitabu ukamfungia habari. Alikuuliza kwa kinywa chake imekuwaje leo kinasomeka, ukamjibu uongo. Mzee asiyeona hutegemea maneno ya watu wa nyumbani kwa kila kitu: kama maji yamechemka, kama noti hii ni ya mia au ya mia mbili, nani amepita mlangoni. Nadhani kilichomfanya aiweke simu chini na kukataa hata habari ni hilo, kuliko hakimiliki. Habari zile nazo anazipata kupitia simu uliyompa wewe. Anza hapo. Mwombe radhi kabla hujataja Marrakesh wala Kuwait, na usiichanganye radhi na utetezi. Utetezi ulete siku nyingine.

Ukishamweleza yote, muulize tena kuhusu faili. Simu ni yake na masikio ni yake. Akisema bado kifutwe, kifute mbele yake, na usibakize nakala kwako. Hapo utakuwa umefuta kitu ambacho kwa maoni yangu kilikuwa halali yenu, lakini hutamlazimisha mtu mzima kustarehe na kitu ambacho dhamiri yake imekikataa.

Kabla ya kufika huko, kuna barua ya kuandikwa. Uliandikia duka, ukajibiwa na mashine. Mwandikie mchapishaji. Riwaya ni ya Kenya, kwa hiyo mchapishaji ana anwani, ana simu, na ofisini mwake wamo watu. Ila usiiandike wewe. Mpe baba kalamu kwa njia ya kinywa chake: yeye atamke, wewe unakili. Amefundisha insha miaka 30, na amemsoma mwandishi huyo tangu ujana. Barua yake itakuwa na uzito ambao yako haiwezi kuwa nao. Aeleze kwamba haoni, kwamba kitabu kimelipiwa, na aombe nakala ambayo kisoma-skrini kama TalkBack kinaweza kuisoma. Ambatisha risiti. Aombe pia barua ifikishwe kwa mwandishi mwenyewe. Kama atataka kutaja kwamba kilikwisha kufunguliwa nyumbani, mwache ataje, maana dhamiri yake ndiyo inayohusika. Wachapishaji wengi hawakuketi wakaamua kuwafungia wasioona. Kuna mahali dukani palipohitaji alama, mtu akaweka bila kufikiri.

Wazee watatu wamenitia kwenye mawazo zaidi ya binamu. Wawili hawaoni, haja yao ni sawa na ya baba, wala hakuna anayetaka faida. Hata hivyo usiwarushie. WhatsApp haina mlango. Faili likifika kwa mzee wa kwanza, mjukuu wake analiona, na kufikia Ijumaa limo katika kundi la harusi. Mkataba unaruhusu nakala kupewa wasioona wengine, lakini kwa mkono wa taasisi isiyofanya biashara, inayojua inampa nani. Waulizeni Kenya Society for the Blind, ambayo imekuwepo tangu 1956. Tangu 2014 kuna pia mpango wa Umoja wa Mataifa, Accessible Books Consortium, ambao kupitia kwake maktaba za wasioona za nchi mbalimbali hubadilishana vitabu vya namna hii. Huko ni mwendo wa miezi, nakubali.

Mwendo wa leo ni baraza yenu. Waalike. Simu moja, spika moja, sura moja baada ya Alasiri, na hakuna nakala iliyozaliwa. Tenzi za Lamu na Pate ziliishi hivyo: msomaji mmoja, wasikilizaji nyumba nzima, na aliyetaka nakala yake akamtafuta mwandishi wa hati akamlipa. Wengi waliozihifadhi kwa moyo hawakuwahi kuziona kwenye karatasi. Yule mzee mwenye macho, akipenda, anunue kitabu cha karatasi dukani; kwa kimoja hicho mtakuwa mmemwongezea mwandishi msomaji aliyelipa.

Na kijitabu cha baba kisisahaulike. Kama bado kinatumika shuleni, muulize kama aliwahi kujiandikisha na KOPIKEN, shirika linalokusanya ada za fotokopi kwa niaba ya waandishi na wachapishaji. Mabati mengine sikuahidi. Lakini mtu aliyeibiwa miaka yote hiyo anastahili angalau jina lake liwe kwenye orodha ya wanaodai.

Jambo la mwisho si la sheria. Mkishapatana, jioni moja mkiwa wawili tu, muulize habari ya yule mwanafunzi aliyemletea nakala ya fotokopi. Alikuwa na kila sababu ya kumfukuza. Alijua ameshika nini, kwa kuwa wakati ule macho yalikuwa mazima. Na bado alichukua kalamu akatia saini. Muulize kwa nini, halafu unyamaze kama yeye anavyonyamaza akikungoja. Jibu lake ningependa kulijua, ukiona vyema kuniandikia.

Shangazi yako